KUONGEZA KINGA AU KUCHOCHEA KINGA? Uhakiki wa Sentensi Moja ya Tiba

Mfasiri anayeletewa taarifa za utafiti wa saratani hukutana, mapema au baadaye, na habari ambayo huiandika hivi: "Tunajaribu dawa ya kuongeza kinga pamoja na tiba ya seli kwa wagonjwa wa saratani ya damu." Sarufi ya sentensi hii haina dosari, na kila neno lake linafahamika. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sentensi hiyo haifai kuwekwa mbele ya mgonjwa anayetakiwa kutia sahihi ya ridhaa, wala mbele ya ofisa anayetakiwa kutoa kibali.

Kabla ya kuihukumu istilahi hatuna budi kulifahamu jambo lenyewe. Katika tiba inayozungumzwa, seli T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, hutolewa kwa mgonjwa, hutiwa jeni mpya katika maabara ili ziitambue protini CD19 iliyo juu ya seli B, huzalishwa kwa wingi, kisha hurudishwa mwilini. Mwaka 2012 mtoto wa miaka 6 alitibiwa hivyo huko Philadelphia, na lukemia yake ikaondoka. Mwezi Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo, tisagenlecleucel. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa seli hizo huchoka au hutoweka mapema. Ndipo watafiti walipoanza kuongeza dawa ya pili. Dawa hiyo yaweza kuwa ya namna mbili: ama huzuia protini PD-1, ambayo kwa kawaida huzituliza seli T, kama ifanyavyo pembrolizumab, ama huiga viashiria vya mwili vinavyoziamuru seli T zizaliane, kama vile interlukini 7 na 15.

Sasa tulitazame neno "kinga". Methali yasema kinga ni bora kuliko tiba. Yaani kinga hutangulia ugonjwa, na tiba huufuata. Tangu miaka ya 1980 neno hilo limebeba pia mzigo wa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, na watu wamezoea kusema kwamba kinga ya fulani imeshuka au imepanda, kana kwamba ni maji katika mtungi. Kwa hiyo "kuongeza kinga" kumekuwa msemo wa matunda, uji wa lishe na mizizi inayouzwa sokoni. Ni msemo wa kheri tupu: nani atakataa kuongezewa kinga?

Hapo ndipo penye hatari. Kwanza, mgonjwa huyu, kabla ya kurudishiwa seli zake, kwa kawaida hupewa dawa za kemikali zinazopunguza chembe zake nyeupe. Kisha seli zilizobadilishwa huua seli B zenye saratani pamoja na zile nzima, na seli B ndizo asili ya protini za damu zinazopambana na vijidudu. Basi mtu aliyeambiwa kwamba anaongezewa kinga, kumbe yu rahisi zaidi kuambukizwa kuliko jirani yake. Akiamini istilahi yetu, huenda asijihadhari.

Pili, nguvu hiyo inayoamshwa yaweza kumgeukia mwenye mwili. Mwezi Machi 2006, huko London, watu 6 wenye afya walijitolea kupewa dawa TGN1412, iliyotengenezwa kuzisisimua seli T na kukusudiwa wagonjwa wa lukemia na wa baridi yabisi. Wote 6 waliugua vibaya katika muda wa saa chache, viungo vyao vya ndani vikashindwa kazi, wakalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hakuna aliyefariki, lakini hakuna pia awezaye kusema kwamba waliongezewa kinga tu.

Yupo atakayependekeza "kifungua kinga", kwa mfano wa kifungua kinywa, hasa kwa dawa zinazoondoa kizuizi cha PD-1. Umbo lake ni zuri, lakini maana yake yapotosha: afunguaye boma humkaribisha adui. Sisi twapendekeza "dawa ya kuchochea kinga" iwe istilahi ya jumla, na chini yake "dawa ya kuondoa kizuizi cha kinga" kwa ile namna ya kwanza. Ni kweli kwamba mwanasheria atakumbuka kosa la uchochezi; lakini kitenzi chenyewe asili yake ni jikoni. Achocheaye moto hupika, na asipoangalia huunguza. Istilahi inayobeba faida na hatari kwa pamoja ndiyo iliyo ya kweli.

"Tiba ya seli" nayo ina utata wa kiunganishi -a. Dawa ya mbu huua mbu, dawa ya kikohozi huponya kikohozi, dawa ya mitishamba hutengenezwa kwa mitishamba. Je, tiba ya seli huua seli, huponya seli, au hutumia seli? Tayari tunayo tibakemikali na tibamionzi, ambamo nomino ya pili ni chombo cha kutibia. Kwa kanuni hiyo hiyo tuseme "tibaseli". Aidha, tuseme "saratani za damu", kwa wingi, maana lukemia, limfoma na mieloma si ugonjwa mmoja.

Lililobaki ni "tunajaribu", nalo ndilo zito kuliko yote. Kwa Kiswahili, kujaribu ni kupima, na pia ni kujitahidi. Mgonjwa anayesoma "tunajaribu" husikia kwamba daktari anajitahidi kumponya, ilhali jaribio la awamu ya kwanza hupima hasa usalama na dozi. Tena manufaa ya kuongeza dawa ya pili si jambo la kudhaniwa: axicabtagene ciloleucel ilipojaribiwa pamoja na atezolizumab kwa wenye limfoma, haikuonekana faida iliyo dhahiri kuliko tibaseli peke yake.

Kwa hiyo tungeiandika upya sentensi yetu: "Huu ni utafiti, si tiba iliyokwisha kuthibitishwa. Watafiti wanapima kama dawa ya kuchochea kinga, ikitolewa pamoja na tibaseli, ni salama kwa wenye saratani za damu, na dozi ipi inafaa." Tutaambiwa kwamba ni ndefu. Ni kweli, lakini ufupi wa sentensi ya kwanza umepatikana kwa kumnyima msomaji yale anayopaswa kuyajua kabla ya kutia sahihi. Mwanaistilahi hatibu mtu, lakini ridhaa ya mgonjwa hupita katika maneno yake. Walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wenye pendekezo lililo bora kuliko haya wanaombwa walilete lijadiliwe.