"Linda Taarifa Zako": Uhakiki wa Neno Moja la Kumiliki

Miongoni mwa mawaidha yanayosikika mara nyingi katika Afrika ya Mashariki wakati huu ni yale yasemayo: Linda taarifa zako. Hutolewa na mabenki, hutumwa kwa ujumbe mfupi na makampuni ya simu, hufundishwa madarasani, na wazee huambiwa na wajukuu wao. Nia yake ni njema, wala hapana mtu mwenye akili timamu awezaye kuipinga. Walakini, kazi ya uhakiki haikomi katika kupima nia ya msemaji. Hupima pia maneno aliyoyachagua. Na katika maneno hayo matatu limo moja dogo lililopita bila kuulizwa. Neno hilo ni zako. Linadai kwamba taarifa zilizomo ndani ya simu ni mali ya mwenye simu, kama kofia ilivyo mali ya mwenye kichwa. Dai hilo si la kweli, na madhara yake hayaishii katika sarufi.

Itazamwe simu ya mtu yeyote. Yamo majina na nambari za jamaa, majirani, walimu na wateja. Zimo picha za harusi ambamo wamo wake na mabinti za watu. Umo ujumbe wa rafiki aliyeeleza ugonjwa wake, sauti ya mama akisimulia ugomvi wa nyumbani, na habari ya fedha aliyotuma ndugu katika siku ya shida. Vikiondolewa vyote vilivyotoka kwa wengine na vyote vinavyowahusu wengine, kitakachobaki ni kidogo mno. Methali yasema: Siri ya mtungi aijuaye kata. Simu ndiyo kata ya zama hizi, nayo huingia katika mitungi mingi kwa siku moja. Mwenye kuishika kata hawezi kusema kwamba maji yote ni yake.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika jambo hili. Siri ni jambo lililozuiwa lisijulikane. Faragha ni hali au mahali pa kujitenga na macho na masikio ya watu. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine ili kitunzwe, wala kisitumiwe ila kwa idhini ya mwenyewe. Sitara ni kifuniko cha heshima. Na kumsitiri mtu ni kumfunika asiaibike. Maneno haya manne hukaa jirani, lakini kazi zao ni mbalimbali. Siri na faragha humtazama mwenye jambo; amana na sitara humtazama mwenzake. Mwenye faragha anayo haki ya kudai. Aliyewekewa amana anao wajibu wa kudaiwa.

Sheria za nchi zimechagua neno la kwanza kati ya njia hizo mbili, na kwa haki. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 16 inataja haki ya faragha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inailinda haki hiyo hiyo katika ibara ya 31. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria husimama kati ya mnyonge na mwenye nguvu, na mnyonge hana budi kupewa lugha ya kudai. Kosa limetokea mahali pengine. Wenye kutoa mawaidha kwa watu wa kawaida wameazima lugha hiyo ya haki, wakaiacha nyuma lugha ya amana na sitara. Hivyo mtumiaji wa simu amefundishwa kuhesabu anayodai kwa wengine, lakini hajafundishwa kuhesabu anayodaiwa nao.

Andiko la pili linalostahili kupimwa ni fupi kuliko hilo la kwanza: Nakubali. Limesemwa kwa nafsi ya kwanza, lakini aliyelitunga si yule anayelisema. Zamani, mtu asiyejua kuandika alikwenda kwa mwandishi, akamwambia maneno yake, na mwandishi akaandika "mimi" kwa niaba yake. Mkono ulikuwa wa mwingine, maneno yalikuwa yake. Katika Nakubali mambo yamegeuka: kidole ni cha mtumiaji, na maneno ni ya mwingine. Nyuma ya neno hilo pamefuatana kurasa nyingi za masharti, aghalabu kwa lugha isiyokuwa ya msomaji, na mwenye haraka ya kutuma fedha au kumwona mtoto aliye mbali hazisomi.

Ustaarabu wa pwani na bara unayo desturi yake ya ruhusa, nayo ni hodi. Mgeni mwenye adabu hubisha, hungoja, na akibisha mara tatu asiitikiwe hurudi alikotoka. Akikaribishwa barazani hajakaribishwa chumbani; na akirudi kesho hubisha tena. Kwa kipimo hicho, Nakubali ya zamani ilikuwa hodi mbovu, kwa kuwa programu iliomba nyumba nzima kwa mara moja, siku ya kuingizwa katika simu. Tangu toleo la sita la Android, lililotoka mwaka 2015, programu hutakiwa kuomba kila chumba kwa wakati wake: orodha ya majina, kamera, kipaza sauti, mahali mtu alipo. Hayo ni maendeleo. Lakini swali moja limebaki. Programu inapobisha hodi katika orodha ya majina, anayeitikia "karibu" ni mtu mmoja, hali nyumba zinazofunguliwa ni mia tatu.

Mfano wake ulionekana waziwazi katika Kenya. Wakopeshaji wa simu walienea huko kwa upesi, wakitoa fedha ndogo ndogo kwa dakika chache, bila rehani. Baadhi yao waliomba ruhusa ya kuisoma orodha ya majina. Mkopaji alipochelewa kulipa, watu waliokuwamo katika orodha hiyo walipigiwa simu au kuandikiwa: mama mkwe, mwajiri, mchungaji, hata mtu aliyewahi kuuziwa kitanda mara moja. Lengo lilikuwa aibu, maana wakopeshaji walijua kwamba katika jamii hizi aibu hukusanya deni upesi kuliko mahakama. Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa mwaka 2021, na kanuni za mwaka 2022 zikawataka wakopeshaji hao kuwa na leseni na kuwakataza kuwatafuta watu waliomo katika orodha ya mkopaji kwa ajili ya deni lake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi milioni 5. Na mwaka huo huo Google ikazikataza programu za mikopo katika duka lake kuzigusa orodha za majina na picha.

Lawama kubwa ya jambo hili ni ya mkopeshaji, na hapana haja ya kuipunguza. Walakini mhakiki wa maneno hana budi kuuliza nani alikuwa mwenye mali iliyotolewa. Mkopaji aliambiwa alinde taarifa zake. Akapima, akaona kwamba hana siri ya kuficha, akakubali. Kwa hesabu ya neno zako hakufanya kosa lo lote, kwani alitoa chake. Kwa hesabu ya amana, alichukua nambari alizopewa na watu kwa sababu ya udugu, ujirani au biashara, akaziweka rehani kwa ajili ya deni ambalo wao hawakulikopa. Yule aliyepigiwa simu usiku hakuwahi kusema Nakubali.

Mfano wa pili umetoka Marekani. Kampuni ya 23andMe, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilipokea mate ya wateja, ikachunguza vinasaba vyao, na kuwaonyesha jamaa zao wa damu waliomo katika daftari lake. Mwaka 2023 wezi waliingia katika akaunti 14,000 hivi kwa kutumia maneno ya siri yaliyokwisha kuvuja mahali pengine, ambayo wenyewe walikuwa wameyarudia. Kwa njia ya huduma ile ya kuwaonyesha jamaa, walipata habari za watu wapatao milioni 6.9. Kwa hiyo, kila mlango mmoja uliofunguliwa ulifungua karibu nyumba mia tano.

Kampuni ilipodaiwa, mawakili wake waliwaelekezea lawama wateja, kwa hoja kwamba walizembea kwa kurudia maneno ya siri. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, na kwa sababu hiyo ni ya hatari. Ni kweli kwamba mwenye neno moja la siri kwa milango yote ni kama mwenye ufunguo mmoja wa nyumba, duka na sanduku la vikoba. Lakini hao milioni 6.9 wengi wao hawakurudia neno lo lote. Waliaibishwa na uzembe wa binamu wasiomjua. Isitoshe, kampuni ilijua kwamba binadamu huzembea, nayo haikuwalazimisha wateja kuweka kufuli ya pili mpaka baada ya wizi. Mwaka 2025 msimamizi wa habari wa Uingereza aliitoza faini ya zaidi ya pauni milioni 2.3. Mwaka huo huo kampuni iliomba hifadhi ya mufilisi, na hifadhi ya vinasaba vya mamilioni ya watu ikauzwa pamoja na mali yake nyingine.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapozuka. Wapo wasemao kwamba kumhubiria mtumiaji wajibu ni kumsaidia tajiri kukwepa wake, na mwenendo wa kampuni hiyo unawapa ushahidi. Pingamizi hili lina nguvu mradi wajibu unafikiriwa kama mzigo mmoja, ambao mmoja akiubeba mwingine huachiliwa. Lakini amana haina tabia hiyo. Kila mkono unaopokea unafungwa kivyake, na kadiri mkono ulivyo mpana ndivyo kifungo kilivyo kizito. Anayetunza majina mia tatu anadaiwa majina mia tatu; anayetunza vinasaba vya mamilioni anadaiwa mamilioni. Mdogo akizembea hamfutii mkubwa deni, wala mkubwa akihaini hamhalalishii mdogo uzembe. Neno zako ndilo lililompa tajiri mlango wa kutokea, kwa kuwa kama taarifa ni zako, hasara nayo ni yako.

Tena, kuna mahali ambapo sheria yenyewe hukoma. Mwaka 2023 Kamishna wa Kenya aliitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule ilifikiwa na sheria. Lakini sheria ya mwaka 2019 humwachilia mtu binafsi anayetumia taarifa kwa mambo yake mwenyewe au ya nyumbani kwake. Na ni vema iwe hivyo, maana serikali inayokagua mazungumzo ya jikoni ingekuwa balaa kuliko umbeya. Basi shangazi anayesambaza picha ya mgonjwa kitandani katika kundi la ukoo la watu mia mbili hana wa kumhukumu ila adabu. Hata ufundi hausaidii. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa fumbo tangu simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, asiweze mtu wa njiani kuusoma. Fumbo hilo hulinda njia, halilindi mwisho wa safari. Mpokeaji akipiga picha ya skrini na kuipeleka kwingine, kufuli yote imekuwa bure.

Zamani barua zilipowafikia wasiojua kusoma, zilisomwa na mwalimu wa chuo au kijana wa jirani. Msomaji huyo alijua deni la huyu, talaka ya yule na ugonjwa wa mwingine. Akijulikana kuwa na mdomo mwepesi, barua hazikupelekwa kwake tena. Kazi yake haikuwa na sheria iliyoandikwa, lakini ilikuwa na jina: aliitwa mwaminifu, neno ambalo ni la ukoo mmoja na amana. Leo kila mwenye simu ni msomaji wa barua za wengine.

Yafaa kukiri kwamba amana haitoshelezi kila mahali. Amana yataka aliyeiweka. Na abiria aliyesinzia katika basi akapigwa picha ya kuchekesha hakuweka kitu mikononi mwa mtu. Kwake yeye neno lifaalo ni sitara, ambayo haingoji mapatano. Mtu husitiriwa kwa kuwa ni mtu, hata kama hajulikani jina. Maneno haya mawili kwa pamoja yanafika mahali ambapo siri na faragha hazifiki.

Mawaidha basi yangebadilika namna gani? Mambo ya kutenda yangebaki yale yale: neno la siri la pekee kwa kila mlango, kufuli ya pili, kuinyima programu orodha ya majina isipokuwa kazi yake haiwezekani bila hiyo, kuifuta simu kabla ya kuiuza, kumwuliza mzazi kabla ya kutangaza picha ya mtoto wake. Kinachobadilika ni sababu. Mwenye kuambiwa kwamba taarifa ni zake anaweza kujibu kwamba hana siri, na mazungumzo yakaisha. Mwenye kuambiwa kwamba ameshika amana za watu hawezi kujibu hivyo, kwa maana hajaulizwa juu ya siri zake. Waandishi na wafasiri wanaotayarisha matangazo hayo kwa Kiswahili wana sentensi nyingine mkononi, fupi vile vile, na wazee wataielewa bila kufafanuliwa na mjukuu: Tunza amana za watu zilizomo katika simu yako. Humo neno la kumiliki limebaki, lakini limeshushwa mahali pake pa haki. Simu ni yako.