Burhani Kabla ya Safari

Mwezi wa Oktoba 1998 ilifunguliwa mjini Paris njia ya 14 ya reli ya chini kwa chini, ambayo treni zake hazina dereva. Na abiria aliyeketi behewa la mbele, akiutazama mwanga wa kituo ukimjia kutoka gizani, alikuwa ameiweka roho yake amana kwa kompyuta kadhaa, baadhi zimo ndani ya treni na baadhi kando ya njia, zikipashana habari wakati wote. Jinsi mafundi wa Matra Transport walivyoziandikia kompyuta hizo programu ya usalama yastahili kuelezwa kwa utulivu.

Hawakuanza na programu. Walianza kwa kuandika, kwa lugha ya hisabati, masharti yasiyokuwa na budi kusimama daima, wakifuata njia iitwayo B, aliyoiasisi Mfaransa Jean-Raymond Abrial. Tuchukue mfano mwepesi. Reli imegawanywa vipande, na mtambo una daftari la vipande vilivyokaliwa. Sharti lasema kwamba kila kipande chenye treni lazima kiwemo daftarini. Daftari likikihesabu kipande kitupu kuwa kimekaliwa, hasara ni kuchelewa tu. Likikisahau kipande chenye treni, ni mauti. Kwa hiyo kila amri ya kufuta kipande huzaa dai: thibitisha kwamba baada ya kufuta, sharti lingali limesimama. Fundi aliyeghafilika kwamba mkia wa treni huweza kuwamo kipandeni ilhali kichwa kimekwisha kutoka, hukwama papo hapo, kwa kuwa burhani haipatikani, na kosa lake hudhihiri lingali wino tu.

Kisha kielelezo huteremshwa daraja kwa daraja, lile daftari likawa safu ya namba na ile amri ikawa hatua za hesabu, na kila daraja hudaiwa burhani kwamba haikuikhalifu iliyo juu yake, mpaka ya mwisho ikawa karibu mno na programu hata kuigeuza iwe lugha ya Ada ni kazi ya mashine. Mistari 115,000 ya B ilizaa mistari 86,000 ya Ada, na madai 27,800 yakathibitishwa yote, mengi na mashine, yaliyosalia na watu walioketi nayo moja moja. Wengi huistaajabia ile mashine ya kufasiri. Mimi naiona kuwa ndiyo sehemu nyepesi, na uzito wote umo katika kulitunga sharti na kuwa na subira ya kulithibitisha.

Burhani, hata hivyo, haiwezi kuzuia chipu isiharibike. Ndiyo maana kila namba ya usalama ilichukuana na alama yake ya hesabu, ili mtambo ukikosea, alama ikatae kuafikiana na treni isimamishwe. Wala burhani haimsahihishi aliyekosea kuliandika sharti lenyewe. Hapo hapana badala ya macho ya wajuzi wanaoifahamu reli.

Majaribio ya kipande kimoja kimoja cha programu hiyo yaliachwa, kwa kuwa burhani ilikwisha kuyatosheleza. Yalipofuata majaribio ya mtambo mzima, na baadaye ya treni relini, katika sehemu ile iliyothibitishwa halikupatikana kosa hata moja.