Nyanya za Agosti, Mlo wa Februari

Mwishoni mwa Agosti, kwenye mashamba madogo ya Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, mchana hupungua kwa takriban dakika 3 kila siku. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatukuzoea jua linalotoroka namna hiyo. Kwao mchana wa Juni hupita saa 15. Ukifika Desemba umebaki kama saa 9, na ardhi imeganda. Ndiyo maana wiki hizi za mwisho za joto zina pilikapilika zake. Majani ya malisho yanakatwa kwa mara ya mwisho na kufungwa marobota. Kuni zinapangwa upande wa nyumba unaopigwa na upepo. Vitunguu vimetandazwa barazani vikauke shingo, na maboga yameachwa juani ngozi igangamale. Kazi hizo zote unaweza kuziahirisha siku moja au mbili. Nyanya hazikubali.

Nyanya iliyoiva leo, kesho kutwa imeanza kuoza. Isitoshe, kuna jalidi inakuja, ule umande ulioganda ambao wakulima wa chai wa Kericho wanaujua kwa hasara yake. Sehemu nyingi za Vermont huipata jalidi ya kwanza katika Septemba, mabondeni mapema zaidi kwa kuwa hewa baridi hushuka na kutuama huko, nayo huweza kuua mstari mzima wa nyanya kwa usiku mmoja. Mwenye shamba huitazama mbingu jioni: kukiwa na mawingu hulala, kukiwa kweupe na upepo umetulia huchukua ndoo akachume hata kwa tochi.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni ule unaofuata jikoni, wa kuzitia nyanya hizo kwenye chupa za kioo zikakaa mwaka mzima bila friji. Nchini humo umerithishwa kwa vizazi, mara nyingi na akina mama, na huanza kabla jiko halijawashwa. Huanza kwa kukataa. Nyanya yenye doa la kuoza hutengwa. Nyanya iliyobaki kwenye shina lililokwisha kuuawa na jalidi hutengwa pia, hata kama ni nyekundu na ngumu na inavutia, kwa sababu ukali wa asidi yake huenda umeshuka. Ile ya kijani iliyochumwa kabla ya baridi hupita bila shida. Uchachu wake umezidi hata wa iliyoiva.

Kumenya ni jambo jepesi: nyanya huzamishwa kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, ngozi ikipasuka huhamishiwa kwenye maji baridi, na ngozi yote huvuka kwa mkono. Mkono uliozoea unaonekana kwenye hatua inayofuata. Anayejifunza hukata nyanya zote kwanza, akazijaza sufuriani, ndipo akawasha moto. Baadaye chupa zake zinakuwa na maji ya njano chini na nyama nyekundu inayoelea juu. Fundi hukata chache tu, kama sehemu moja ya sita, akazitia kwenye sufuria iliyo motoni na kuziponda humo humo huku anakoroga, mpaka zichemke. Kisha huongeza nyingine kidogo kidogo, bila kuacha mchemko ufe. Sababu ni kwamba nyanya ikishakatwa, vimeng'enya vyake huanza papo hapo kuivunja pektini, ambayo ndiyo inayoshikanisha maji na nyama. Joto la haraka huviwahi. Nimeona wapishi wazuri wasiojua hili, na nimeona watu wasiojua neno pektini wakilifanya bila kukosea, kwa kuwa waliwatazama mama zao.

Msingi wa kazi hii uliwekwa na Mfaransa Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitu vitamu, aliyechemsha vyakula ndani ya chupa zilizozibwa kwa koki. Serikali ya Ufaransa ilimlipa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aichapishe njia yake, na kitabu kikatoka mwaka 1810. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini njia hiyo ilifaulu. Louis Pasteur alikuja kueleza habari za vijidudu nusu karne baadaye. Tarehe 30 Novemba 1858 fundi bati Mmarekani, John Landis Mason, alisajili chupa yenye hesi shingoni, ambayo mtu yeyote nyumbani angeweza kuifunga bila nta wala koki. Alifariki mwaka 1902 akiwa maskini, lakini hadi leo Wamarekani huziita chupa hizo kwa jina lake.

Tukija kwenye hatari, lazima niseme wazi. Udongoni mna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Kikifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa wala asidi ya kutosha, hutoa sumu inayopoozesha misuli, na sumu hiyo inaweza isionyeshe dalili yoyote kwa jicho, pua wala ulimi. Asidi ndiyo inayokizuia kuota. Wataalamu wameweka mpaka kwenye pH ya 4.6: chini yake chakula hutosheka na maji ya kuchemka, juu yake, kama maharage mabichi, mahindi na nyama, lazima kipikwe kwa mtambo wa presha unaofikisha nyuzi 116 za Selsiasi. Nyanya imekaa kwenye mpaka huo huo. Nyingine ziko huku, nyingine kule, na huwezi kuzitofautisha kwa kuzitazama.

Kwa hiyo kila chupa ya takriban lita moja huwekewa vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau, tena yale ya dukani. Mpishi wa kwetu, aliyelelewa kukamua ndimu kwa mkono na kuhukumu kwa ulimi, ataliona jambo hili kama dharau kwa ndimu. Lakini maji ya dukani asidi yake imepimwa, na ya limau lililotoka mtini haijapimwa. Hapo ndipo heshima yangu kwa fundi huyu inapozidi. Anajua mahali ulimi wake unapokoma. Chumvi huonja, kwa kuwa chumvi hapa ni ya ladha tu na hata isipokuwepo nyanya hazitaharibika. Asidi hupima. Katika jiko moja, saa moja, mtu yule yule ana hatua anazozifanya kwa kuhisi na hatua ambazo hajiruhusu kuzikisia hata kama amezirudia maisha yake yote. Ufundi mwingi hutufundisha kuamini mkono. Huu unamtaka mtu aujue pia mpaka wa mkono wake.

Kilo 10 za nyanya hutoa chupa 7, ambazo ndizo zinazoenea kwenye sufuria moja kubwa. Chupa hujazwa zikiwa moto, na juu huachwa nusu inchi tupu. Kijiti cha mbao hupitishwa kandokando kutoa mapovu ya hewa. Halafu ukingo wa kila chupa hufutwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, na hapa huwa sichoki kutazama, kwa sababu mbegu moja ya nyanya ikibaki ukingoni yatosha kukizuia kifuniko kushika. Mtu anafuta ukingo ambao tayari unaonekana safi, kisha anaupitisha kidole aone kama jicho limemdanganya. Kifuniko bapa huwekwa, na pete yenye hesi hukazwa kwa ncha za vidole tu, kwa kuwa hewa ya ndani inahitaji njia ya kutoka. Maji hufunika chupa kwa inchi moja au zaidi. Saa huanza kuhesabiwa maji yakichemka, na zikiwa nyanya zilizopondwa, mahali pasipo na mwinuko, ni dakika 45.

Zikitoka, chupa huwekwa juu ya taulo, moja mbali na nyingine, na kwa saa 12 hadi 24 haruhusiwi mtu kuzigusa. Zinapopoa hewa ya ndani hunywea, na vifuniko hubonyea kimoja kimoja kwa mlio mfupi mkali. Asubuhi fundi hubonyeza katikati ya kila kifuniko. Kinachorudi juu hakikushika, na chupa yake huenda kwenye friji iliwe kwanza. Kisha hufanya jambo linalomshtua mgeni: huondoa pete zote na kuziweka kabatini. Chupa inakaa ghalani ikiwa na kifuniko bapa peke yake, kinachoshikiliwa na uzito wa hewa ya nje. Pete ingekibana kifuniko kilichoachia na kuficha kwamba chakula kimeharibika. Bila pete, kasoro hujitangaza yenyewe. Uaminifu wa kitendo hicho naupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii.

Mtu wa Vermont angeweza kununua nyanya za kopo dukani, tena kwa bei ndogo, na sidhani kwamba wanaoendelea na kazi hii wanafanya hivyo kwa ajili ya pesa tu. Mwezi Februari, theluji ikiwa imefika madirishani, chupa inayofunguliwa inatoka kwenye mstari wa nyanya anaoujua na siku ya Agosti aliyoiandika kwenye karatasi ya chupa.

Kwetu, matenga ya nyanya hupangwa barabarani Ilula nchini Tanzania na Mwea nchini Kenya kila msimu, na msimu ukifurika bei huanguka na nyingine huozea shambani. Zimo za aina ya Roma, nyanya ndefu yenye nyama nyingi ambayo mafundi wa Marekani nao huipenda kwa kazi hii. Atakayetaka kujaribu nyumbani, namsihi auchukue ufundi pamoja na vipimo vyake. Nairobi ipo karibu mita 1,800 juu ya bahari, na maji huchemka huko kwa nyuzi zipatazo 94, kwa hiyo dakika 45 hazitoshi. Kutoka mita 300 hadi 900 chemsha dakika 50. Kutoka 900 hadi 1,800 chemsha 55. Juu ya hapo chemsha 60. Kifuniko bapa kisitumike mara ya pili. Na ukikosa maji ya limau ya dukani, tia nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki ya unga kwa kila chupa ya lita, wala usipunguze.