Jua la Kilburn

Mpiga picha aliyekulia Mombasa au Tanga hujifunza mapema kulikimbia jua la mchana. Pwani kwetu jua hupanda karibu wima, na ifikapo saa sita liko utosini. Macho ya watu huzama katika kivuli cha paji la uso, ukuta wa chokaa huwaka mpaka hauonyeshi kitu, na rangi ya bahari hupotea. Basi kazi hufanywa asubuhi na alasiri, na jioni mtu hufanya haraka, kwani jua likishazama mwanga hudumu dakika 20 hivi, giza likaingia. Akihamia Kilburn, kaskazini-magharibi mwa London, elimu hiyo yote hana budi kuipanga upya. Kwangu mimi, hapo ndipo safari inapoanza, hata kama tiketi ya ndege ilitumika miaka mingi iliyopita.

Kilburn iko nyuzi 51 na nusu kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi, na mtu wa kimo cha kawaida hutupa kivuli cha zaidi ya mita sita. Pwani, huo ni mwanga wa saa kumi na moja jioni. Hapa ndio mwanga wa mchana kutwa, hadi jua linapotua kabla ya saa kumi. Ubavu mmoja wa kila kitu unang'aa na ubavu wa pili umefichwa. Matofali ya nyumba huonyesha kila mkwaruzo, na mkokoteni wa muuza matunda huwa na kina ambacho Julai hakionekani.

Barabara kuu, Kilburn High Road, inafuata njia ya kale ya Warumi iitwayo Watling Street, na Warumi walipenda kunyoosha. Inapanda kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, mtaa wa Brent mkono mmoja na wa Camden mkono wa pili. Kwa anayetegemea mwanga wa asili, mwelekeo huo ni neema. Mwezi wa Desemba, kwenye saa tatu asubuhi, jua la chini husimama karibu sambamba na barabara, upande wa katikati ya jiji. Ukilielekea, kila anayekuja amezungushiwa uzi wa nuru mabegani, pumzi yake inaonekana, na lami iliyolowa inawaka kama shaba. Pima mwanga kwa sehemu zinazong'aa, uziache nyuso ziwe nyeusi. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua hutua baada ya saa tatu usiku, huko kaskazini-magharibi, na kabla ya hapo huambaa kwenye madirisha ya ghorofa za juu upande wa Camden. Mnara wa Gaumont State, sinema kubwa iliyofunguliwa mwaka 1937 na ambayo sasa ni kanisa, bado una mwanga wakati barabara chini yake imekwisha kuingia kivulini.

Kutegemea mwanga wa asili si jambo geni kwa wapiga picha wetu: Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanza kupiga picha akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, alijifunzia kwenye Box Brownie. Kamera hiyo ya sanduku haikumpa mtu mengi ya kuchagua. Ilidai jua la kutosha na mkono uliotulia. Sidhani kuna shule bora kuliko hiyo. Asiye na vitufe vya kubonyeza hulazimika kusogeza miguu, kumgeuza anayepigwa, au kungoja. Vitabu vya safari alivyotoa baadaye kuhusu nchi zetu vina mwanga uliongojewa, na jicho lolote huutambua.

Najua watakaosema London haina jua. Ina mawingu, na mawingu ni hazina ambayo pwani tunaipata kwa nadra. Wingu jepesi hutandaza mwanga sawasawa, likalainisha ngozi nyeusi na kuiacha ionyeshe rangi zake zote, kuanzia ya zambarau hadi ya dhahabu. Mpige mtu picha chini ya kizingiti cha duka siku kama hiyo, mgongo wake gizani na uso wake kwenye mwanga wa nje, nawe hutatamani flashi kamwe. Flashi, kwa maoni yangu, hufuta mahali: uso uliopigwa nayo Kilburn hautofautiani na uliopigwa nayo Kisumu.

Kwa sadfa ya jina tu, kulikuwa na mpiga picha aliyeitwa William Edward Kilburn. Tarehe 10 Aprili 1848 alielekeza kamera yake kwenye mkutano wa Wachartisti, wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura, katika uwanja wa Kennington Common, kusini mwa London. Picha zile, zilizochukuliwa kwenye mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha, ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za umati. Mwanga wa siku ile ya Aprili ndio pekee aliokuwa nao, na umetosha kutufikishia kofia na bendera za watu wale.

Lakini nuru nzuri haimpi mtu ruhusa. Kilburn wanaishi Waairishi, Wasomali, Wakaribi na watu wetu wa Afrika Mashariki, na mzee anayekunywa chai mbele ya mkahawa hakukaa pale kwa ajili ya kamera yangu. Namwamkia kwanza: shikamoo, mzee. Tunaulizana habari za nyumbani, na mara nyingi jua hupita tukiwa bado kwenye salamu. Sijutii. Anayekaa kiti kilekile kila siku anajua kuliko mimi ni saa ngapi jua linafika mezani pake, na akiniambia nije kesho saa nane, nitakuja saa nane kasorobo.