Korongo ishirini juu ya paa la mfalme

Bandugu wasomi, leo naacha mihogo kidogo. Niko na picha moja ya China yenye inanisumbua kichwa: ile ya korongo wa heri, ya mfalme Huizong wa ukoo wa Song. Ni picha ya kukunja, imepakwa rangi kwenye hariri, na leo inatunzwa mu makumbusho ya jimbo la Liaoning.

Maelezo yake yako pembeni ya picha. Mwaka 1112, jioni ya kesho yake ya sikukuu ya taa, mawingu yalishuka juu ya mlango mkubwa wa jumba la mfalme kule Kaifeng, korongo wakaja kuzunguka, watu wa mji wakainama. Kwa Wachina korongo ni maisha marefu, tena njo ndege anayebeba wale wasiokufa wa dini ya Kidao. Basi mfalme akasoma: mbingu imeridhika na mimi.

Kwa uchoraji, sina ubishi. Paa limekatwa chini kabisa, anga ya buluu imebeba picha yote. Kumi na nane wanaruka, wawili wamesimama kwenye ncha za paa. Kila mmoja ana mkao wake.

Shida yangu ni alama yenyewe. Korongo huyu wa kichwa chekundu ni ndege wa vinamasi. Kidole chake cha nyuma ni kifupi na kiko juu, hakishiki tawi. Korongo wetu wa taji, huku mashariki, yeye analala mu miti bila shida. Lakini wachoraji wa China, miaka mamia, walimsimamisha yule wao juu ya msonobari, kwa sababu msonobari pia ni maisha marefu. Hamu ilishinda jicho.

Kwa Huizong ilikuwa vile vile, na bei ilikuwa kubwa. Mwaka 1127 Wajurchen waliteka Kaifeng, yeye mwenyewe akachukuliwa mateka. Alikufa utumwani mwaka 1135.

Wengine watasema picha ilidanganya. Mimi nakataa. Mkono uliochora mabawa yale ulikuwa mwaminifu. Maandishi ya pembeni njo yalimpa ndege kazi ambayo hakuiomba. Sisi wa mashamba tunajua hiyo: anayeandika matokeo mbele ya kupima, mvua haimngojei.

Mnaonaje, bandugu?