Ramani ya Sauti ya Mto Danube

Ramani tuzijuazo ni za macho. Mto huchorwa kwa mstari wa buluu, miji kwa vitone, na mtazamaji huimaliza kwa dakika moja safari ambayo mwenye chombo huifanya kwa majuma. Annea Lockwood, mtunzi aliyezaliwa New Zealand mwaka 1939, ametengeneza ramani ya namna nyingine, nayo husomwa kwa masikio. Kazi yake juu ya mto Hudson wa Marekani ni ya mwaka 1982. Ile ya Danube, ya mwaka 2005, ni kubwa zaidi, nayo ndiyo nitakayoipima hapa.

Baina ya mwaka 2001 na 2004 Lockwood aliufuata mto huo toka chemchemi zake katika Msitu Mweusi, Ujerumani, hata delta yake katika Bahari Nyeusi, akinasa sauti ukingoni na, kwa maikrofoni ya kuzamishwa, chini ya maji pia. Hakutia zeze wala ngoma. Yasikika mawimbi yakipiga mawe, vidudu vya majini vikitatarika, na watu wakinena. Wenyeji waliulizwa mto una maana gani kwao, na kama wangeweza kuishi bila huo. Majibu yameachwa katika lugha zao, yakipita juu ya maji pasipo mkalimani.

Wako watakaosema kuwa huku ni kumnyima msikilizaji haki yake. Mimi naona kinyume. Maji ya Austria na maji ya Romania hulia namna moja, wala hapana sikio liwezalo kusema mpaka umevukwa wapi. Kijerumani kinapokoma na Kihangari kuanza, ndipo tujuapo kuwa tumesafiri. Katika kazi ya Hudson mazungumzo hayakuchanganywa na maji; kwa hiyo ile ni ramani ya mto, na hii ni ramani ya bonde pamoja na wakaao ndani yake.

Lakini kinasa sauti hunasa kilichopo tu. Katika korongo liitwalo Lango la Chuma, baina ya Romania na Serbia, palikuwa na kisiwa cha Ada Kaleh, makao ya Waturuki, chenye msikiti, soko na ngome. Bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1972 lilikizamisha, na wenyeji wakatawanyika, wengine wakahamia Uturuki. Maikrofoni ikiwekwa juu ya mahali hapo leo italeta maji matulivu, matamu kusikiliza, na asiyejua habari zake atadhani huo ni utulivu wa asili. Mchoraji wa ramani ya karatasi aweza kuliandika jina la kisiwa kilichozama. Mwenye kunasa sauti hana wino huo, isipokuwa kinywa cha mtu akumbukaye. Kwa sababu hiyo, katika kazi ya karibu saa tatu, ningalipenda mawimbi yapunguzwe kidogo na wazee wa kandokando waongezewe muda wa kusema.