Kadhia ya Kamba na Kasa: Hukumu ya Biashara ya Kimataifa kwa Mizani ya Fiqhi

Imezoeleka miongoni mwetu kwamba kila yanapotajwa "maendeleo endelevu" hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama khatibu huleta Aya na Hadithi kuthibitisha kuwa Uislamu ulikwisha kuyasema hayo tangu karne 14 zilizopita, kisha akashuka mimbarini. Ama husimama mwingine akasema kuwa hiyo ni hila ya nchi tajiri ya kuwafungia masikini mlango wa riziki. Kila kauli ina sehemu yake ya ukweli, lakini zote mbili zina uvivu ndani yake. Ya kwanza haiulizi nani anabeba gharama ya kuihifadhi ardhi na bahari. Ya pili haiulizi kama kweli kuna kitu kinaangamia. Mwanafunzi wa fiqhi hafai kuridhika na mojawapo ya hizo, na ipo kadhia moja mashuhuri inayoonyesha kwa nini.

Kadhia yenyewe ni ya kamba na kasa, iliyohukumiwa katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 1998. Walalamikaji walikuwa wanne: India, Malaysia, Pakistan na Thailand. Mlalamikiwa alikuwa Marekani. Msomaji ataona kuwa nchi mbili kati ya hizo nne ni za Kiislamu, na hilo peke yake lilitosha kuwafanya wengi wetu kujua upande wa kusimama kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja wa hukumu.

Chanzo chake ni hiki. Nyavu za kukokota zinazovua kambamiti humbeba pia kasa, na kasa ni kiumbe mwenye mapafu. Akizuiwa chini ya maji muda mrefu hufa. Kikabuniwa kifaa cha kumtolea kasa, mfano wa dirisha la nondo linalofungwa ndani ya wavu: kamba wanapenya, kasa anagonga nondo na kutokea kwenye tundu lililoachwa. Marekani iliwalazimisha wavuvi wake kukitumia. Kisha mwaka 1989 ikatunga sheria ya kuzuia kamba kutoka nchi zisizokuwa na utaratibu kama wake. Mwanzoni sheria hiyo ilitekelezwa kwa nchi 14 tu za Karibi na Atlantiki ya magharibi, nazo zikapewa miaka mitatu ya kujiandaa. Mwishoni mwa Disemba 1995 mahakama ya Marekani ikaamuru sheria itekelezwe kwa dunia nzima ifikapo tarehe 1 Mei 1996. Kwa hiyo wavuvi wa Asia walipewa takriban miezi minne kwa jambo ambalo wenzao walipewa miaka mitatu.

(Hapa msomaji wa fiqhi atatabasamu kidogo. Mahanafi, nao ndio wengi Pakistan, hadi leo wanabishana kama kamba ni samaki na kama analiwa. Ama kasa, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa haliwi. Lakini kutoliwa kwake hakumfanyi kuwa kitu cha kuangamizwa. Al-Izz ibn Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu katika kitabu chake cha kanuni.)

Sasa tuje kwenye hukumu. Mkataba wa GATT wa 1947 unakataza nchi kuzuia bidhaa za wenzake, lakini kifungu chake cha 20 kinatoa ruhusa maalumu, miongoni mwake ni hatua za kuhifadhi maliasili zinazoweza kwisha. Walalamikaji walidai kuwa maneno hayo yanahusu madini na mfano wake, si viumbe wanaozaana. Chombo cha Rufaa, kikiongozwa katika shauri hilo na Florentino Feliciano wa Ufilipino, kiliikataa hoja hiyo katika hukumu ya tarehe 12 Oktoba 1998. Kilisema kuwa kiumbe kinachozaana nacho huweza kwisha, na kasa wote saba wameorodheshwa katika mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini. Juu ya hayo kikaegemea dibaji ya mkataba ulioanzisha Shirika la Biashara Duniani, uliotiwa saini Marrakesh tarehe 15 Aprili 1994. Dibaji ya 1947 ilizungumzia kuzitumia rasilimali za dunia kikamilifu. Waliokutana Marrakesh waliibadili, wakasema matumizi yaliyo bora kwa kuafikiana na lengo la maendeleo endelevu.

Mtu wa usuli ataitambua njia hii mara moja. Dibaji haina amri wala katazo, lakini ni qarina. Inaonyesha makusudio ya waliotunga, na lafudhi yenye kubeba maana mbili huelekezwa na qarina. Wapo waliosema kuwa majaji walitunga sheria badala ya kuifasiri. Mimi siioni hoja hiyo. Anayesema tamko la 1947 lifasiriwe kwa maarifa ya 1947 tu, na waliolitamka wenyewe wamekwisha kubadili dibaji yao, anashikamana na herufi na kuacha kauli. Katika sehemu hii majaji walifanya kazi nzuri, na ni sehemu ambayo Waislamu walioandika kuikosoa hukumu hawakuifikia kabisa.

Hata hivyo Marekani ilishindwa, na sababu za kushindwa kwake ndizo zenye faida zaidi kwetu. Kifungu cha 20 kinaanza kwa sharti kwamba hatua isitekelezwe kwa namna ya ubaguzi usio na haki au wa kiholela kati ya nchi zenye hali moja. Chombo cha Rufaa kikaitazama sheria ya Marekani kwa sharti hilo. Kilikuta kuwa Marekani ilikaa na nchi za Amerika ikafikia nao mkataba wa kulinda kasa mwaka 1996, lakini haikufanya juhudi kama hiyo kwa nchi za Asia. Muda wa kujiandaa ulitofautiana. Msaada wa kuhamisha ufundi ulitofautiana. Kipimo kilikuwa kimoja kigumu, bila kutazama hali ya bahari ya kila nchi, hata kamba aliyevuliwa kwa wavu wenye kifaa hicho hicho alizuiwa ikiwa nchi yake haijapewa cheti. Na nchi iliyonyimwa cheti haikusikilizwa rasmi, haikupewa sababu kwa maandishi, wala haikuwa na pa kukata rufaa.

Lengo lilikubaliwa, njia ikakataliwa. Kanuni inayokataza kuondoa dhara kwa dhara mfano wake tumeisoma sote, na imo katika Majalla ya Dola ya Uthmaniya. Adabu ya kadhi kutohukumu mpaka amsikilize mtu wa pili nayo inajulikana kutokana na wasia wa Mtume (s.a.w) kwa Sayyidna Ali (r.a). Lakini mfano ulio karibu zaidi na kadhia hii ni ule wa hima, na ni ajabu kuwa wanaoitaja hima katika makala za mazingira huishia pale inapoanza kuwa ngumu.

Hima ni eneo lililozuiwa lisichungwe na kila mtu, kwa maslahi ya umma. Mtume (s.a.w) aliizuia Naqii, na Sayyidna Umar (r.a) akazuia Rabadha. Waandishi wetu huitaja hapo wakasema: hii ndiyo hifadhi ya mazingira. Lakini Bukhari amepokea yaliyofuata. Umar alimweka msimamizi aliyeitwa Hunayy, akamwagiza aogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Kisha akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, yaani matajiri, kwa kuwa hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ama yule mdogo akipoteza alichonacho atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amirul-Muuminina. Na zaidi ya hapo Umar alikiri kuwa wenye ardhi ile wanamuona amewadhulumu, kwani ni nchi yao waliyoipigania zama za ujahili na wakasilimu juu yake. Hakuwaita wajinga kwa kulalamika. Alieleza haja iliyomlazimisha, nayo ni wanyama wa kubebea watu katika njia ya Allah. Baada yake Imamu Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, akaweka wazi kuwa hima haifai kutengwa kwa ajili ya matajiri dhidi ya masikini.

Basi uzito wa suala hili haupo katika kuizuia ardhi peke yake. Upo pia kwa yule msimamizi wa mlangoni: anamruhusu nani, anamzuia nani, na kwa hesabu gani. Hukumu ya 1998 ilimuuliza Hunayy wa Marekani maswali hayo na akakosa majibu.

Lau mambo yangeishia hapo, ningeisifu hukumu hiyo na kuweka kalamu chini. Lakini Marekani ilirekebisha miongozo yake mwaka 1999. Sasa ikataka nchi iwe na utaratibu wenye matokeo yanayolingana na wake, si lazima uwe ule ule. Ikaanza pia mazungumzo na nchi za Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini-Mashariki, yaliyozaa makubaliano yaliyopitishwa Kuantan, Malaysia, mwaka 2000, na ambayo Tanzania na Kenya nazo zilitia saini. Malaysia haikuridhika kwa kuwa katazo lenyewe lilibaki. Ikarudi tena, na tarehe 22 Oktoba 2001 Chombo cha Rufaa kikaamua kuwa Marekani sasa imetimiza masharti. Kilichotakiwa kwake ni kujitahidi kwa nia njema kufikia makubaliano, si lazima kuyafikia.

Hapa ndipo naona udhaifu. Nani anapima kama utaratibu wa Malaysia unalingana na wa Marekani? Ni Marekani yenyewe. Mdai na mpimaji wamekuwa mtu mmoja, na uwezo wa kukata rufaa baadaye hauondoi hilo, kwa sababu kamba hakai akingoja hukumu ya Geneva. Tena haki hii iko sawa kwa wote katika karatasi tu. Pakistan nayo ina ruhusa ile ile ya kifungu cha 20. Ikitaka kumfungia soko Mmarekani kwa moshi wa viwanda vyake, soko gani litamfanya ashituke? Imamu Shatibi aliwahimiza mujtahidi watazame matokeo ya hukumu kabla ya kuitoa. Majaji wa 2001 waliitazama nia ya Marekani, wakayaacha matokeo ya kumkabidhi mwenye soko kubwa mizani ya kuwapimia wengine.

Na insafu inatulazimisha tuseme la upande wa pili. Malaysia ilidai kuwa inawalinda kasa wake kwa sheria zake yenyewe, na kweli ilikuwa nazo. Lakini pwani ya Rantau Abang, Terengganu, iliyokuwa na maelfu ya viota vya kasa wakubwa wa ngozi kila mwaka katika miaka ya 1950, ilifikia kuhesabu viota vyake kwa vidole. Sababu kubwa ni mayai kuokotwa na kuliwa kwa miongo mingi, na nyavu nazo zikaongezea. Kasa hao hawakuuawa na ubeberu. Aliyeiandika kadhia hii kama dhulma ya Magharibi dhidi ya Waislamu, akanyamaza juu ya Rantau Abang, amefanya taasubi.

Kadhia hii haijawa historia. Malaysia ile ile iliushitaki Umoja wa Ulaya kwa kuyawekea vikwazo mafuta ya mawese katika nishati kwa hoja ya kulinda misitu. Jopo lilipotoa ripoti Machi 2024 lilifuata njia iliyofanana sana na ya kamba: sehemu kubwa ya hoja za Malaysia dhidi ya lengo lenyewe zilianguka, lakini Ulaya ikaonekana na makosa katika namna ilivyoandaa na kutekeleza hatua zake. Miaka 26 imepita na Hunayy bado anaulizwa maswali yale yale. Tofauti ni kwamba Chombo cha Rufaa hakifanyi kazi tena. Tangu Disemba 2019 hakina majaji wa kutosha, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wao. Anayeshindwa mbele ya jopo anaweza kukata rufaa kwa chombo kisicho na mtu, na shauri likabaki linaning'inia.

Na katika hali hiyo ndipo inapokuja sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya bidhaa zinazotokana na ukataji misitu. Kahawa imo ndani yake, na kahawa ni ya Kagera, Kilimanjaro na Uganda kama ilivyo ya Brazil. Utekelezaji wake umeshaahirishwa zaidi ya mara moja, na Ulaya ilipoahirisha ilikuwa ikisikiliza pia malalamiko ya wafanyabiashara wake wenyewe. Sheria inamtaka mwagizaji aonyeshe shamba kahawa ilipotoka. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja ya ramani, ilhali kubwa zaidi ya hapo lichorwe mipaka yake yote. Hiyo ni takhfifu kwa mdogo, na ihesabiwe. Lakini mkulima wa ekari moja hana njia ya kulijua kosa lililoingia katika takwimu za nchi yake, wala hapa pa kulipinga. Na mnunuzi akiona taabu ya kukusanya nukta 1,000 za wakulima wadogo, atahamia kwa mwenye shamba moja kubwa, bila ya kuvunja kifungu chochote cha sheria hiyo.